Sinema Yenye Ubao

Nina ugonjwa wa kusikia namba. Msanii akiimba redioni kwamba anampenda mtu asilimia mia mbili, mimi huacha kukuna nazi nikajiuliza ile mia ya pili ameitoa wapi. Nikisoma riwaya ambamo mume ameondoka nyumbani mwezi wa pili, akamwacha mkewe na mimba changa, kisha akarudi Krismasi akamkuta bado ni mjamzito, siwezi tena kumhurumia yeyote humo ndani. Nahesabu kwa vidole, nafunga kitabu. Harusini, mshereheshaji akitangaza kwamba maisha ya bwana na bibi harusi yamegeuka digrii mia tatu na sitini, mimi ndiye ninayemnong'oneza jirani kwamba basi wamerudi pale pale walipokuwa.

Nafundisha hisabati sekondari hapa Morogoro mjini, kwa hiyo watu hunisamehe. Wanasema kazi imeniharibu. Si kazi, nililelewa hivyo. Baba yetu alifundisha hesabu shule ya msingi huko juu Mgeta hadi alipostaafu, na nyumbani kwetu hata ngoma ilikaguliwa. Ikilia ng'ambo ya bonde, baba alisimamisha jembe akainua kidole. "Ile kubwa inapiga mbili, ile ndogo inapiga tatu. Zinakutana wapi?" Zilikutana kwenye sita. Watoto wa wenzetu walikuwa huko wanacheza mpaka vumbi linatimka, sisi tuko shambani tunatafuta kigawe kidogo cha shirika.

Tulizaliwa wawili tu, kaka yangu na mimi. Mimi hesabu zilinikubali. Kaka hazikumkubali, na bahati mbaya aliyekuwa akimfundisha alikuwa baba yake mzazi.

Darasani baba alikuwa na sheria moja. Anayekosea ubaoni anaweka chaki chini na kwenda kukaa. Haambiwi amekosea wapi, na hapewi nafasi ya kufuta. Baba aliamini kwamba kosa ambalo mtu amelitafuta mwenyewe halisahauliki. Nusu ya watu wazima wa Mgeta wamewahi kuweka chaki mbele ya baba yetu, na mpaka leo wakikutana naye njiani na mzigo wa karoti kichwani, husimama wima kwanza ndipo waseme shikamoo.

Mwaka ule walimu walikuwa wachache, darasa la tano na la sita tukachanganywa chumba kimoja. Ndivyo nilivyokuwepo kaka alipoitwa ubaoni kugawanya. Aligawanya vizuri, akishuka ngazi moja baada ya nyingine kama mtu anayeijua njia ya kisimani, akafika chini, akaandika jibu, akageuka akitabasamu. Chini ya mstari wa mwisho kulikuwa na tatu. Hakuiandika kwenye jibu.

"Weka chaki, kakae," baba alisema.

Kaka aliuliza amekosea wapi. Baba akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Darasa likacheka, kwa sababu darasa hucheka. Kaka hakuweka chaki na hakwenda kukaa. Alipita mlangoni nayo, akashuka kilima, na baba akalitazama darasa akasema, "Ameacha baki." Kisha akaita mwingine.

Kaka alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake. Kwenye karatasi ya mwisho ya hisabati aliandika jina lake, akakunja mikono, akatazama nje mpaka muda ukaisha. Alifaulu Kiswahili kwa kiwango ambacho bado kinatajwa, lakini Kiswahili peke yake hakikumpeleka popote, akaja zake mjini.

Mjini akawa mtu wa kuingiza sauti kwenye sinema. Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi: sinema inakuja kutoka nchi za mbali ikiwa na lugha yake, kaka anaipunguza sauti, anakaa mbele ya maikrofoni na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Anawasemea wanaume, wanawake, watoto, mapolisi, na farasi ikibidi. Katikati ya vita anasimama kidogo kuwasalimu wateja wa kibanda fulani cha video, halafu vita vinaendelea. Watu humwita DJ, ingawa hapigi muziki. Anafanyia kazi chumba kimoja huko Kihonda, amekizungushia magodoro ukutani na hawashi feni kwa sababu feni inasikika. Mtu akitoka humo anafanana na mtu aliyeokolewa.

Siri ya kazi yake, ambayo si siri kwa yeyote aliyewahi kuisikiliza, ni kwamba lugha hizo hazijui. Kiingereza ana kile cha kuombea maji. Kikorea, Kichina, Kituruki, anatazama picha tu na midomo. "Midomo ikifunguka naongea," aliniambia, "ikifunga nanyamaza." Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, mhusika wake anaweza kusema "Sawa" tu huku midomo ikiendelea kucheza muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai, na mwingine akamwaga matusi ya aya nzima hali amefunga mdomo tangu mwanzo. Nilipomwambia kwamba vipimo havilingani, aliniuliza kama nimewahi kumwona mteja akirudishiwa kiingilio kwa sababu ya vipimo.

Kaka alitaka kitu kimoja hapa duniani. Hakuwahi kukisema, lakini mimi nilikijua: alitaka baba akae chini aisikilize sinema yake moja mpaka mwisho.

Baba hakuwahi. Hawakuwa na ugomvi, na mtu angewatazama wakiwa wamekaa barazani angewaona baba na mwanawe kama wengine. Kaka alipanda Mgeta na sukari, baba akauliza bei ya kabichi mjini, kaka akamrekebishia redio. Majirani walipouliza kijana anafanya nini, baba alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya umeme. Vibanda vya video aliviita maficho ya wavivu, na kimojawapo kilikuwa hatua chache kutoka kwenye njia yake ya shambani, pale malori yanapopakia mboga za Dar. Baba alikipita kila siku. Ndani yake mara nyingi alikuwa anaongea mwanawe.

Kibanda hicho ndicho kilichokuwa kimebaki kwa kweli. Mjini vijana siku hizi wanaangalia kwenye simu na kusoma maandishi ya chini, wengine hawasomi chochote wanaangalia tu. Vibanda vilifungwa kimoja kimoja, vikageuka maduka ya vocha na saluni. Mwenye kibanda cha Mgeta, mtu mpole asiyezunguka maneno, akampigia kaka simu akamwambia alete kitu ambacho watu hawajakiona, la sivyo yeye ataweka mpira tu. Kaka alielewa. Kibanda kile kikihamia mpira, sauti yake haitakuwa tena kwenye njia ya baba.

Siku chache baadaye akanipigia mimi.

"Mwalimu," alisema. Ananiita mwalimu akiwa na shida. "Njoo. Nina sinema yenye ubao."

Nilikwenda. Sinema ilitoka nchi ambayo hatukuweza kuitambua. Kulikuwa na theluji, na watu walikunywa kitu cha moto kwenye glasi. Palikuwa na shule mlimani, mwanamke kijana, na mzee mwenye ndevu aliyekaa nyuma ya darasa muda wote akimtazama. Kaka alikuwa ameiangalia yote mara mbili na alikuwa amekata tamaa.

"Hakuna anayekufa," alisema. "Hakuna hata kibao. Kuna mtu mmoja anapata mafua, halafu anapona."

"Kwa nini umeichukua?"

"Kwa sababu hakuna aliyeichukua."

Lakini mafua hayakuwa tatizo, mafua angeweza kuyageuza kuwa sumu. Tatizo lilikuwa katikati ya sinema, pale mwanamke aliposimama ubaoni akaandika, akaandika, bila mtu yeyote kufungua mdomo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kibandani kimya kingi kina watu wanaodai kiingilio chao. Kaka alikuwa amepanga kusema kwamba yale maandishi ni ramani ya hazina iliyofichwa na Wajerumani.

Nikatazama ubao. Nimeishi na ubao miaka mingi, lakini sikuwahi kufurahi kuuona kama siku ile. Sinema nzima, watu wale walikuwa wakisema na kucheka na kulia, na kaka na mimi hatukuambulia neno. Ubao niliusoma kama barua ya shangazi.

"Si ramani," nilisema. "Anajumlisha namba witiri. Moja, peke yake, ni moja. Moja na tatu ni nne. Moja na tatu na tano ni tisa. Ukiongeza saba, kumi na sita."

"Halafu?"

"Kila mara anapata mraba. Mbili mara mbili, tatu mara tatu, nne mara nne. Haikosei hata ukienda mpaka kesho."

Kaka alifikiri. "Hazina iko kwenye mraba?"

"Hakuna hazina, kaka."

"Kwa hiyo watu wa Mgeta watoke shambani waje kuangalia mraba."

Nilichukua njugu mawe alizokuwa anatafuna nikazipanga mezani. Nikamwambia afanye kwamba ni miche ya kabichi. Umepanda mche mmoja. Unataka kitalu kiwe mraba, miwili kwa miwili, unaongeza mingapi? Aliongeza mitatu, mmoja ubavuni, mmoja chini, mmoja kwenye kona. Unataka mitatu kwa mitatu? Akaongeza mitano, akazungusha pande mbili na kona. Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa, saba, kisha tisa, mpaka njugu zikaisha na meza ikawa na mraba. Alipanda kabichi tangu ana miaka sita, mikono yake ilikuwa inajua pa kuweka.

"Kumbe," alisema.

Alikaa akiutazama mraba ule. Kisha akauliza, bila hasira, "Mbona baba hakusema kabichi?"

"Baba alisema witiri."

Alizila njugu zote, kuanzia kwenye kona.

Tukakubaliana hivi: yeye atawasemea watu, mimi nitausemea ubao. Nilikataa kwanza, nikasema sauti yangu ni ya kuitia mahudhurio, akasema ndiyo hiyo hiyo anayoitaka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaingia kwenye magodoro. Picha ikafika pale mahali, nikaanza kusoma mstari mmoja mmoja, na miche ya kabichi nikaiweka. Mwanamke akaandika moja na tatu na tano na saba na tisa. Halafu akaandika sawasawa na ishirini na nne.

"Hapa amekosea," nilisema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ilinitoka tu, kwa sauti ya nyumbani kwetu. Kaka akanionyesha kwa mkono nisinyamaze, lakini picha ilikuwa imeshamwendea yule mzee wa nyuma. Uso wake ulijaa kwenye kioo, midomo ikacheza. Kisha picha ikarudi ubaoni, na ile ishirini na nne ilikuwa imekuwa ishirini na tano. Hakuna aliyekuwa ameshika dasta. Hata vumbi la chaki halikuwepo.

Nilikasirika. Nilisema hawa ni wazembe, wamepiga picha siku mbili tofauti na mtu akaandika upya bila kukagua, na watu wanaoweza kujenga shule nzima ya theluji kwa ajili ya sinema wangeweza kumlipa mwalimu mmoja asimame pembeni. Kaka aliniacha nikamaliza.

"Acha ibaki," alisema. "Ubao umekosea, wewe umesema umekosea, umepona. Ngoja nimweke mzee."

Akarudisha picha nyuma. Kwa kawaida wazee wote wa kaka wana sauti moja, yenye kikohozi, wawe wafalme au walinzi wa usiku. Safari hii hakukohoa. Uso wa mzee ulipokuja alisogea kwenye maikrofoni akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, "Endelea, mwanangu. Nitasubiri."

Kisha ubao ukaonyesha ishirini na tano.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama kioo. Niliumia, kwa hiyo nikamwambia kwamba midomo ya mzee ilikuwa bado inacheza alipomaliza. Akasema huwa inatokea.

Sinema ilionyeshwa Mgeta siku ya gulio, mchana, wakati malori yanasubiri mzigo. Mwenye kibanda alikuwa ametangaza tangu asubuhi kwa kipaza sauti kwamba kuna sinema ya hesabu, na kwamba binti wa mwalimu yumo ndani anafundisha. Sikujua tangazo kama hilo lingemvuta nani. Kibanda kilijaa. Walikuja wapakiaji wa malori, wakaja akina mama waliokwisha kuuza njegere zao, wakaja na watu ambao nadhani walitaka kuona kama kweli. Mabanzi ya ukutani yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie, na ukungu uliingia badala yake. Kaka alikaa nyuma kabisa karibu na jenereta. Mimi nilikaa pembeni yake.

Baba aliingia sinema ikiwa haijaanza. Alivaa koti lake la kwendea kwenye mikutano. Kibanda chote kikasimama. Shikamoo zilikuwa nyingi mno akaitikia moja kwa wote, na mwenye kibanda akawaondoa vijana watatu kwenye benchi la mbele ili akae.

"Nimesikia kuna ubao," baba alimwambia.

Kaka alinishika mkono. Ana mkono mkubwa, na aliushika wangu kama mtu anayeshika ngazi isianguke.

Sinema ikaanza. Kaka alikuwa ameupa ule mlima wa theluji jina la mlima wetu na mgonjwa wa mafua akampa tabia za diwani fulani wa zamani, watu wakacheka. Baba hakucheka, ila hakuondoka. Ikafika ile sehemu ya ubao. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa kubwa na kavu kuliko ninavyoifahamu, ikaanza kupanda miche. Hakuna aliyedai kiingilio chake. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anapanga kwa kidole kwenye paja la mwenzake, mmoja ubavuni, mmoja chini, mmoja kwenye kona. Kisha sauti yangu ikasema, "Hapa amekosea."

Nusu ya kibanda iligeuka kumtazama baba. Hawakukusudia. Walikuwa watu wazima wenye watoto na mashamba, ila walikuwa wanasubiri mwanamke wa watu aambiwe aweke chaki.

"Endelea, mwanangu," mzee wa kwenye sinema alisema kwa sauti ya kaka. "Nitasubiri."

Ishirini na nne ikawa ishirini na tano, na kibanda kikalipuka.

Mpakiaji mmoja alisimama akasema namba imebadilika yenyewe, yeye ameiona kwa macho yake. Mwingine akasema kitu hakibadiliki chenyewe, mwanamke amefuta haraka wakati picha iko kwa mzee. Wa tatu, ambaye alionekana kuwa na uzoefu, akasema mzee amemnong'oneza jibu na huo ni wizi wa mtihani. Mwenye kibanda akasimamisha sinema, akarudisha nyuma, wakaangalia tena. Hoja ziliongezeka badala ya kupungua. Wakarudisha tena. Sauti yangu ilisema amekosea, mzee akasema endelea, namba ikabadilika, ubishi ukaanza upya. Mimi nilitaka kusimama kueleza mambo ya kupiga picha siku mbili tofauti. Kaka akanivuta nikae.

Mwishowe wakamgeukia baba. Alikuwa amesimamia mitihani miaka mingi, kama kuna wizi angeujua.

Baba alisema, "Rudisheni kwa yule mzee."

Wakarudisha. Akatazama, akasema warudishe tena. Aliinama mbele na mikono juu ya fimbo, na kila uso wa mzee ulipokuja, kibanda kilinyamaza kumpa nafasi. Mara ya mwisho alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekagua daftari. "Hakuna wizi," alisema. "Endeleeni." Hakueleza zaidi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuwahi kueleza.

Alikaa mpaka mwisho. Mgonjwa alipona, theluji ikayeyuka, hakuna aliyekufa. Watu walitoka wakibishana hadi kwenye malori, na mwenye kibanda akamwambia kaka kwamba wiki ijayo wataangalia tena, mpira utasubiri. Kaka aliitikia bila kusikia. Alikuwa anamtafuta baba.

Tulimkuta amesimama nje, kando ya viroba vya kabichi vilivyosubiri kupakiwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza bei ya kabichi mjini. Kaka akamtajia. Nikadhani ndiyo basi.

"Yule mzee," baba alisema. "Alisema vile kweli?"

Miaka yote hiyo kaka amewahakikishia watu kwamba lugha anazijua. Amewaambia mwenye kibanda, wateja, na mwanamke mmoja aliyekaribia kuolewa naye. Nilisubiri amhakikishie na baba.

"Sijui, baba," alisema. "Lugha yao siijui. Niliona midomo inacheza nikaweka maneno."

"Nilidhani hivyo." Baba aliigusa kabichi moja kwa ncha ya fimbo, akaipima ugumu wake. "Nimemtazama pale mlipokuwa mnarudisha. Umesema endelea mwanangu, nitasubiri, ukanyamaza. Midomo yake ilikuwa bado."

"Ndiyo, baba. Huwa inatokea."

"Umeacha baki."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilijiambia mzee huyu hatabadilika hata tumfikishe kaburini, amekaa sinema nzima, amesikiliza kila neno la mwanawe, na alichoona ni baki. Nilifungua mdomo. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja mfukoni, mtu mzima mwenye mvi, na nilijua kabisa ni mlango gani alioukumbuka.

Lakini baba alikuwa hajamaliza.

"Nimelitafuta ni neno gani lingetosha pale," alisema. Alikuwa anaongea na kabichi. "Si refu. Mzee wa watu amekaa nyuma, anamwona mtoto amekosea mbele za watu. Kusubiri peke yake hakutoshi, midomo inabaki. Nadhani alisema nisamehe."

Mpakiaji alipita katikati yetu, akabeba kiroba, akaondoka.

"Wewe ndiye fundi," baba alisema. "Utaona kama linaenea."

"Linaenea, baba."

"Hujajaribu."

"Linaenea," kaka alisema.

Baba aliitikia kwa kichwa, akatuaga, akashika njia ya nyumbani kwa mwendo wake wa kawaida. Kaka alibaki amesimama. Nilimwambia afute uso, watu wanapita. Akasema ni ukungu. Nikasema sawa.

Wiki ile ile alirudi kwenye magodoro yake akaisema tena sehemu ile, na sinema inayoonyeshwa Mgeta sasa ina neno hilo. Mwanamke anaandika ishirini na nne, mimi nasema amekosea, uso wa mzee unakuja. "Endelea, mwanangu. Nitasubiri. Nisamehe." Nimekagua mwenyewe, zaidi ya mara moja. Midomo inafunga neno linapokwisha, na hakuna kinachobaki.